Sahani ya Bluu

Skuli zilipofungwa, watoto wakapotelea mikarafuuni,
Mwalimu Ilona akanigongea mlango saa moja asubuhi,
buti miguuni, daftari mkononi.
"Bi Raya, likizo hii nataka kutembea."
Nikamwambia tembea, mwanangu, Pemba si kubwa.
Sikujua kwamba na mie nimo.

Kwanza Kidike, kwa popo.
Popo mie nawajua: wezi wa maembe ya mama,
wananinyea nguo kambani. Sijapata kuwakatia tiketi.
Yeye kakata, na yangu kanilipia,
kakaa juu ya gogo, shingo juu, anawahesabu.
Alipofika mia nne na kumi na mbili
wakaruka wote.
Akaanza tena: moja.

Kisha Kengeja, mchezo wa ng'ombe.
Dume likaja mbio upande wetu,
wanaume wenye ndevu zao wakapanda minazi.
Mwalimu akabaki chini, akafungua mwavuli,
kwa woga ama kwa adabu, mwenyewe hajui,
na ng'ombe akasita, akamtazama,
akageuka kama mtu aliyekumbuka
kuwa ameacha chungu jikoni.

Lakini ya mnadani ndiyo ya kusimuliwa.
Soko la Wete, samaki sakafuni, dalali Shaame anapaaza:
arobaini! arobaini na moja!
Ilona akamwona babake Sabiha, wa kidato cha pili,
akainua mkono kumwamkia.
"Arobaini na tano, mwalimu! Umepata!"
Amepata nini? Taa.
Taa mpana kama jamvi la harusi,
mkia mrefu kuliko kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa.
Kwao Hangaria, akaninong'oneza, bahari hakuna,
samaki huenea sufuriani.
Tukamfunga nyuma ya baiskeli,
mbawa zinaning'inia huku na huku,
watoto nyuma: "Mwalimu anaruka! Mwalimu anaruka!"

Umeme ulikuwa umekatika tangu juzi.
Basi tukamkata taa, tukamgawa
kwenye sahani zake sita za bati, za bluu:
kwa Bi Mize, kwa Kazija mshonaji,
kwa kina Sabiha, kwa Shaame mwenyewe aliyemuuza.
Akanawa mikono. Akadhani yamekwisha.

Nani angemwambia? Huku sahani hairudi tupu.
Magharibi ikaja ya kwanza na mkate wa kumimina,
ya pili na boga la nazi,
na Kazija, kwa kiburi chake, akaleta visheti kwa sahani yake mwenyewe,
na sahani ya mtu nayo hairudi tupu.
Ilona akapika mchuzi wa kwao, mwekundu,
unaotisha macho, ulimi hauwashi.
Ukarudi muhogo. Akatoa maandazi, mabichi ndani.
Yakarudi vitumbua.
Likizo ikaisha, sahani hazikuisha.

Usiku mmoja nikamkuta na kandili
anachora jedwali: nani anamdai, yeye anamdai nani.
Nikamwambia, Ilona,
siku hesabu hiyo itakapotoka sawa
ujirani umekufa.
Akanitazama sana.
Akalichana daftari, ukurasa mmoja tu, wa popo akauacha.

Mwezi wa sita mkataba wake ukaisha.
Uwanja wa ndege wa Chake alisahau mwavuli,
hatukumwita. Tulimwona ameshageuza uso.

Juzi napanga kabati, naikuta:
ya bluu, imebanduka ukingoni.
Aliniletea na maandazi ya mwisho, yaliyoiva.
Zamu ni yangu.

Nimekwenda posta. Kijana akaipima, akapiga hesabu.
Mna nini ndani?
Halua ya Wete, nikamwambia, na bizari ya Bi Mize.
Akasema, mama, ukiipeleka tupu
itakuwa rahisi zaidi.

Nikamwangalia kwanza.
"Wewe," nikamuuliza, "ni mtoto wa nani?"